Hodi ya Tatu kwa Jemadari Ngwali

Nchi ya Hodini haina ukuta wala boma. Ina mlango. Mlango wenyewe umesimama peke yake kwenye uwanda wa nyasi fupi, una fremu, bawaba na kitasa cha shaba kilichosuguliwa kikang'aa, na kulia na kushoto kwake hakuna kitu ila nyasi na upepo. Mbuzi hupita pembeni wakijilia zao. Lakini binadamu anayeheshimu sheria husimama mbele ya mlango huo, akaita hodi, akangoja aitikiwe. Asipoitikiwa hugeuka na kurudi alikotoka, hata kama aliyeko ng'ambo anamwona tangu kofia hadi kandambili.

Mbele ya mlango huo alisimama Mize binti Shauri, mkunga wa kijiji cha Mafunjoni, mwanamke wa miaka sitini na kitu. Safari yake siisimulii. Alitembea, akafika. Hakuwa na mzigo wa maana ila majina ya watu tisini na mmoja aliyokuwa ameyahifadhi kichwani, na kila asubuhi aliyapitia yote kabla ya kunawa uso, asije akampoteza hata mmoja. Hamsini na saba kati yao aliwapokea mwenyewe kwa mikono yake walipozaliwa.

Aliita hodi. Akaitikiwa karibu kwa sauti ya upole hata machozi yakamtoka, maana kwa miezi saba hakuna aliyemkaribisha popote.

Nisiwasingizie watu wa Hodini. Ni waungwana, hawana makuu, na mgeni kwao halali njaa. Tatizo lao ni moja, nalo wanalionea fahari. Wanaamini kwamba sheria yote ya dunia imejengwa juu ya neno hodi, na kwamba haki isiyobisha mlango na kungoja karibu ni ujambazi tu uliovaa joho. Mize alipoingia ofisi ya mashtaka alimkuta Karani Shomvi, bwana mmoja wa makamo mwenye miwani, akitaka kutoa karatasi kwenye saraka ya meza yake. Aliigonga saraka kwa kidole, akasema hodi, akajiitikia mwenyewe karibu, ndipo akaivuta.

"Haya, bi mkubwa. Kosa gani?"

"Watu wameuawa."

"Wangapi?"

"Tisini na mmoja."

Karani aliweka kalamu chini. "Pole sana," alisema, na alikuwa na huruma ya kweli. "Ungekuja na mmoja, jioni ya leo ungeondoka na hukumu."

Akamweleza. Aliyeua mtu mmoja hushtakiwa kwenye Mahakama ya Chini, na kesi huisha siku hiyohiyo. Kosa Kubwa huenda mbele ya Baraza, lakini Kosa Kubwa huanzia watu mia. Aliyeua tisini na mmoja amevuka mahakama moja na hajaifikia ya pili.

"Sasa yuko wapi mtu huyo kisheria?" Mize aliuliza.

"Kisheria hayuko popote. Kimwili anakaa hapo mlimani, nyumba nyeupe. Ni Jemadari Ngwali, sivyo? Mtu mstaarabu sana. Alipofika nchini aliita hodi kwa adabu, tukamkaribisha."

Mize alitazama dirishani. Nyumba ilionekana vizuri, na mtu angeweza kuhesabu madirisha yake. Alikuwa amemtafuta mtu huyo nchi tatu, na kumbe hajifichi hata kidogo. Akaomba kiti.

Kwa kuwa faili lake lilihitaji mihuri, aliambiwa angoje kwenye ukumbi wa Mahakama ya Chini. Huko alishuhudia kesi ya mwizi wa kuku. Mtu huyo alikamatwa chini ya daraja, na kwa kuwa daraja halina mlango, askari hawakuhitaji kuita hodi. Sheria ya Hodini inasema kwamba asiye na mlango anahesabiwa amekwisha kukaribisha kila mtu tangu siku aliyozaliwa. Alisomewa shtaka, akahukumiwa, akapelekwa gerezani, na uji aliopewa Mize na mzee wa mahakama ulikuwa bado wa moto kikombeni. Hakuna aliyecheka wala kununa. Watu walipiga makofi mepesi, kama mnavyompigia fundi aliyemaliza kazi safi.

Siku ya nane aliitwa mbele ya Baraza la Makosa Makubwa.

Jengo la Baraza ni la fahari. Mbao, misumari na viti vyake vilitolewa na mataifa matatu makubwa, kwa sharti kwamba milango ya mataifa hayo isihesabiwe kuwa milango. Mahakimu ni saba, wamevaa majoho ya zambarau, na kila mmoja ana mto wa kukalia, maana mijadala ni mirefu. Wa mwisho, karibu na dirisha, alikuwa Hakimu Zawena, mwanamke mwembamba mwenye kikohozi, ambaye wenzake walikuwa wakimsikiliza kwa subira ya watu wanaongoja mvua ipite.

Mjadala wa kwanza ulihusu hesabu. Hakimu Mkuu alisema wamepungua tisa, na sheria ni sheria. Mwingine akauliza kama wajawazito waliouawa wahesabiwe wawili wawili. Walibishana saa nzima, wakashindwa kukubaliana mimba inaanza kuwa mtu mwezi gani. Ndipo hakimu wa tatu, mzee wa sauti laini asiyeweza kumkanyaga mdudu, akamwinamia Mize.

"Bibi, majeruhi wapo?"

"Wapo kumi na wanne."

"Hali zao?"

"Wawili hali zao si nzuri. Wengine wanajikongoja."

"Tunaweza kuahirisha shauri mpaka mwisho wa mwaka," mzee alisema akiwageukia wenzake, "tuone kama hesabu itatimia."

Mize alisimama. Hakuomba ruhusa. "Mheshimiwa, nimewaacha watu wale wanakunywa uji kwa kijiko. Unataka nikirudi niwaombee wafe, ili wenzao wahesabiwe watu?"

Mzee aliona haya, akajifuta uso kwa leso, na nadhani alikuwa na haya ya kweli. Lakini hakuondoa pendekezo lake.

Ndipo Hakimu Zawena alipokohoa, akauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza tangu asubuhi. "Waliuawa vipi?"

Mize alieleza. Wanajeshi wa Jemadari walikuja siku ya kugawana mbegu, watu wote wakiwa kwenye ghala la kijiji. Yeye alikuwa ng'ambo ya mto kwa mzazi. Aliyaona yote kutoka kwenye mafunjo. Jemadari alikaa juu ya farasi akitoa amri kwa mkono, hakupaza sauti hata mara moja. Walifunga mlango wa ghala kwa nje, kwa kamba ya katani, mafundo mawili, kisha wakawasha moto.

"Walifunga mlango kwa nje?" aliuliza Hakimu Mkuu.

"Kwa nje."

"Watu wakiwa ndani?"

Mahakimu saba walishika vichwa. Karani Shomvi aliangusha kalamu. Mama mmoja kwenye viti vya nyuma alianza kulia kwa sauti, na mlinzi wa mlango wa ukumbi akaweka kiganja chake juu ya kitasa kana kwamba anakiliwaza. Kufunga mlango kwa nje juu ya watu! Katika Hodini hapana uovu unaoupita huo. Watoto huchapwa wakiufanya kwa mchezo. Hakimu Mkuu alisema kwa sauti inayotetemeka kwamba suala la hesabu limekufa, kwamba hili ni Kosa Kubwa hata kama ghala lingekuwa na paka mmoja.

Mize aliwatazama wakiomboleza mlango. Hasira ilimpanda, akaimeza. Kama ni mlango ndio utakaowainua kwenye mito yao, alijiambia, basi na wauchukue mlango, watu wangu wapite humohumo.

Wakili wa Jemadari aliinuka, bwana mnene mwenye sauti ya kupendeza. Alisema mteja wake anasikitika kama kila mtu. Lakini siku ile alikuwa amevaa kofia ya ujemadari, na katika nchi yake amri hutolewa na kofia, si kichwa kilichomo. Zaidi ya hayo, nchi yake imekwisha kulishughulikia jambo hilo. Kofia ilikamatwa, ikafikishwa mahakamani, ikapewa wakili, ikatiwa hatiani, na hivi sasa inatumikia kifungo cha maisha ikiwa imetundikwa kwenye msumari gerezani. Alikuwa na nakala ya hukumu yenye lakiri nyekundu. Kuhukumu kosa moja mara mbili ni dhuluma, alisema, na Hodini haijulikani kwa dhuluma.

Mahakimu wanne walitikisa vichwa kukubali. Hoja ilikuwa na muhuri.

"Na kama shauri lingekuwa halijahukumiwa," wakili aliendelea, "bado kosa ni la huko lilikotendeka. Mafunjoni si Hodini. Kila kosa lina kwao."

"Kuna makosa ambayo kwao ni kila mahali," alisema Hakimu Zawena.

"Mheshimiwa, kitu kilicho kila mahali hakina anwani. Tutaandika nini kwenye bahasha?"

Watu walicheka. Zawena alingoja wamalize, kikohozi kikamkamata, akakingoja nacho kimalize. "Kofia haina mikono," alisema. "Nani alifunga mafundo? Na kama sisi hatuwezi kumuuliza mtu anayekaa umbali wa kutupa jiwe, basi tuseme wazi kwamba tulijengewa ukumbi huu ili tupate mahali pa kukalia. Mama huyu amepita nchi tatu. Kila mahali aliambiwa si hapa."

Walipiga kura. Nne kwa tatu, na waliovusha shauri walifanya hivyo kwa ajili ya mlango. Baraza lingekwenda kwa Jemadari kuita hodi.

Mize aliposikia hivyo alipiga magoti akashukuru. Ni Karani Shomvi aliyemwinua na kumweleza lililobaki, polepole, kama anayeleta habari ya msiba. Hodi ni tatu, kati ya moja na nyingine siku arobaini. Baada ya kila hodi karani huhesabu pumzi mia. Anayepaswa kuitika ni mtu wa nyumba ile, maana mgeni hana karibu ya kumpa mgeni mwenzake. Akiitika yeyote wa ukoo wake, Baraza litaingia na shauri litasikilizwa. Wasipoitika mara tatu, mlango umefungwa. Mshtakiwa atakuwa huru chini ya kila mbingu. Na mlalamikaji hatatamka tena jina lake, wala majina ya waliokufa, maana kuyatamka ni kupiga hodi ya nne, na hodi ya nne ni kosa la jinai.

"Nisiyatamke majina yao?"

"Hadharani wala faraghani, bi mkubwa."

"Hata asubuhi, peke yangu?"

Karani alivua miwani akaifuta.

Hodi ya kwanza ilipigwa saa nne asubuhi. Baraza lilipanda mlima kwa msafara, mbele yao akiwa Mzee Kitwana, Mpiga Hodi Mkuu, mwenye sauti inayosikika kata tatu. Kwa miaka thelathini alikuwa ameita hodi kwenye nyumba kubwa, na kwa miaka thelathini hakuna aliyemwitika. Hilo halikumsumbua, kwa sababu kila mara watu walisifu jinsi alivyoita. Aliita. Ndani mtu alikohoa, mafuta yalichachatika kikaangoni, harufu ya samaki ikawafikia wote. Karani alihesabu pumzi mia, kisha akaandika: *Nyumba haina mtu. Kuna harufu ya samaki.*

Hodi ya pili, Jemadari mwenyewe alikuwa kibarazani juu, akinywa kahawa. Aliwatazama, nao wakamtazama. Hakimu Mkuu alimpungia mkono kwa mazoea, akaurudisha haraka. Lakini sheria husikia, haioni. Karani aliandika kwamba nyumba haina mtu.

Katika siku hizo zote Mize hakukaa bure. Wakunga wa Hodini walikuwa na adabu mno. Waliita hodi kwenye mlango wa nje, wa kati na wa chumbani, na mara nyingi walipofika kitandani walimkuta mtoto amekwisha kuzaliwa na jirani ndiye aliyempokea. Mize aliingia moja kwa moja na maji ya moto mkononi. Walipomgombeza aliwaambia mtoto hana muda wa kungoja ustaarabu wao. Wanawake wakampenda, na sifa zake zikaenea hadi mlimani.

Zilikuwa zimebaki siku kumi kabla ya hodi ya tatu alipojiwa na mwanamke kijana mwenye mimba kubwa, aliyetembea kwa kujishikilia ukutani.

"Shikamoo, mama. Naitwa Rehani. Mimi ni binti wa Jemadari Ngwali." Akasita. "Nimeambiwa mtoto amekaa vibaya, na kwamba ni wewe tu unayeweza kumgeuza. Najua wewe ni nani. Baba hajui. Hakuwahi kuuliza aliyemshtaki ana sura gani."

Mize alimtazama tumbo kwa muda mrefu. Alitamani kumchukia, na kwa kweli alijaribu. Lakini macho yake yalikuwa yamekwisha kuona kwamba mtoto amelala mkingamo, na mikono yake ikawa imekwisha kunyooka.

"Lala hapo," alisema.

Alimgeuza mtoto kidogo kidogo, kwa mafuta ya nazi, huku Rehani akikodoa macho darini. Walipomaliza, binti alibaki amelala.

"Mama. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Waliofungiwa… ulikuwa unawajua?"

"Wengi wao niliwatoa hivi ninavyomtoa huyu wako."

Rehani alivaa viatu vyake kwa shida, akaondoka, na Mize hakujua kama angemwita tena.

Alimwita, na ilikuwa asubuhi ya hodi ya tatu. Uchungu ulianza alfajiri, na saa tatu Mize alikuwa ndani ya nyumba nyeupe, amepiga magoti kwenye mkeka, amekunja mikono ya gauni. Kutoka dirishani aliuona msafara wa majoho ya zambarau ukipanda mlima taratibu.

Mlango wa chumba ulifunguliwa, Jemadari akaingia. Mize hakuwahi kumwona kwa karibu. Alikuwa mtu mdogo, kucha zake safi, ananukia sabuni. Angeweza kuwa mwalimu wa hesabu. Mize alihisi moshi ukimjaa puani, moshi wa miezi yote ile, lakini mikono yake iliendelea na kazi.

"Mama mkunga," Jemadari alisema kwa heshima, "Baraza linakuja. Ni hodi ya mwisho. Nyumba haitatoa sauti mpaka waondoke. Rehani, mwanangu, uma kitambaa." Akatoa leso nyeupe iliyokunjwa vizuri, akaiweka ukingoni mwa mkeka. "Na mtoto akitoka mapema, mkunga, mfunike mdomo kwa hii. Ni dakika chache tu."

"Mtoto asipolia hapumui, bwana."

"Dakika chache."

"Ndizo anazofia."

"Si wote wanaokufa," Jemadari alisema. Hakupaza sauti. Aliinua mkono kidogo tu, kama mtu anayetuliza farasi, na Mize akaujua mkono ule.

Rehani naye aliuona. Alikuwa amejaza upande wa kanga kinywani, jasho linamtiririka, na macho yake yakatoka kwenye mkono wa baba yake, yakaenda kwenye leso, yakarudi.

Nje, Mzee Kitwana alisafisha koo. "Hodiii!"

Sauti ilizunguka nyumba nzima na kufa. Kisha ikasikika sauti kavu ya Karani Shomvi ikihesabu pumzi. Moja. Mbili. Tatu.

Kwenye pumzi ya ishirini kichwa kilionekana. Mize alifanya kazi yake. Alikuwa na neno moja mdomoni, neno ambalo angelipiga kelele mpaka paa litoke, na alijua kuwa likitoka kwake halina thamani, kwa kuwa yeye ni mgeni. Angeweza kumsihi Rehani. Hakufanya hivyo. Aliona ni dhambi kumwomba mzazi kitu chochote akiwa katika hali ile. Hamsini. Hamsini na moja. Mabega yalipita. Kwenye sitini na nane mtoto alikuwa mikononi mwake, wa kike, wa buluu, anateleza kama samaki, kimya.

Jemadari aliiokota leso akamnyooshea Mize.

Mize aliikataa kwa kichwa. Alimpindua mtoto, akamsugua mgongo, akamsafisha pua kwa kidole. Sabini na tano. "Mwanangu," alimwambia Rehani kwa sauti ya chini, "huyu lazima alie. Mimi sitamziba. Nikamatwe, nifungwe, sitamziba."

"Nipe mimi," alisema Jemadari, na akapiga hatua moja kuelekea mkekani akiwa ameishika leso kwa mikono miwili.

Rehani alitoa kanga kinywani.

"Karibuni!"

Alisema kwa sauti yote aliyobakiwa nayo. Halafu, kana kwamba alikuwa akingoja ruhusa, mtoto akalia. Alilia kwa hasira, akageuka kutoka buluu hadi nyekundu, na Mize akamlaza kifuani kwa mama yake, akalia naye waziwazi.

Nje palikuwa kimya. Kimya hicho kilirefuka mpaka Mize akashangaa. Alichungulia dirishani. Baraza zima lilikuwa limesimama pale chini, mahakimu wanatazamana, Mzee Kitwana ameshika koo lake kama mtu aliyepaliwa. Walikuwa wakipekua kitabu cha sheria. Katika miaka tisini ya Baraza hakuna nyumba kubwa iliyowahi kuitika, na waliokiandika kitabu walifika kwenye maneno *na wakikaribishwa*, wakaacha ukurasa mtupu, kwa kuwa hawakuona haja ya kuupoteza wino.

"Sauti ya mzazi aliye kwenye uchungu haihesabiki," alisema Jemadari. Alikwenda dirishani, akalirudia jambo hilo kwa nguvu, kwa watu wa nje, akasahau kwamba nyumba haina mtu. "Hajui asemalo! Mwiteni wakili wangu!"

"Karani," Hakimu Zawena aliuliza kule chini, "umeandika nini?"

"Nimeandika karibuni, mheshimiwa. Kwa wingi. Pumzi ya themanini na moja."

Hakimu Mkuu alipendekeza waende wakajadili namna ya kuingia, pengine kwa kamati, na warejee baada ya siku arobaini. Wawili waliunga mkono.

Mize alishuka ngazi. Hakunawa mikono. Aliufungua mlango mkubwa kwa ndani, mbao zote mbili, akasimama kizingitini na damu ya uzazi hadi kwenye viwiko. "Mmekaribishwa na mwenye nyumba," aliwaambia. "Ingieni. Mvue viatu, kuna mtoto."

Hakimu Zawena alivua viatu. Aliinua joho lake la zambarau kama mwanamke anayevuka matope, akapita kizingiti, na Karani Shomvi akamfuata akiwa amekumbatia daftari. Mzee wa sauti laini alisita, akatazama nyuma, naye akavua. Wengine waliingia mmoja mmoja, wakiangalia chini, wakiona aibu kwa soksi zao zilizotoboka.

Viti vya sebuleni havikuwatosha, wakakaa kwenye mkeka. Jemadari alishuka akasimama kwenye ngazi ya mwisho, bado ana leso mkononi, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia akae hakujua asimame vipi. Juu, mtoto alikuwa akilia bado.

"Bi Mize," alisema Hakimu Zawena, "tuanze na nani?"

Mize alikuwa ameyapanga majina yale kwa miezi mingi, kuanzia wazee. Sasa aliona si hivyo. "Tuanze na mdogo wao," alisema. "Andika Kibibi binti Mbwana. Alikuwa na siku tisa. Mama yake alikuwa bado hajatoka nje kwa uzazi, lakini siku ile alisema atajifunika tu aende, asikose mbegu."

Kalamu ya karani ilikwaruza karatasi. Jemadari alitikisa kichwa. Alionekana anajaribu kwa dhati kukumbuka, na anashindwa.

"Simjui huyo," alisema.

"Najua humjui," Mize alimwambia. "Kaa hapo usikilize."